Mwalimu wa udereva akibadilika, hasara ni ya nani?

Wiki ya tatu ya masomo yangu ya udereva, gari lilinizimikia karibu na soko la Kongowea. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Nyuma yangu palikuwa na matatu mbili, tuktuk zisizo na hesabu na mkokoteni wa nyanya uliokuwa ukielekea sokoni. Mwalimu aliyekaa kushoto kwangu tulikuwa tumejuana dakika kumi tu.

"Mama, toa klachi! Toa klachi!" akapiga kelele.

Nami nikatoa. Gari likaruka kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba, kisha likazima tena. Honi zikaanza.

Ilinichukua siku mbili kuelewa kilichotokea. Kwa mwalimu wangu wa kwanza, "toa klachi" ilikuwa na maana ya kuinua mguu polepole. Kwa huyu wa pili, maneno hayo hayo yalimaanisha kukanyaga hadi chini, ili injini iachane na magurudumu. Wote wawili walikuwa madereva wazuri, na kila mmoja alikuwa amefundisha watu wengi kwa maneno yake. Ila hakuna aliyemwambia mwenzake lolote kunihusu, na mimi niliyekaa katikati ndiye niliyepigiwa honi.

Nilimaliza masomo yale nikiwa nimepitia mikononi mwa walimu watatu katika wiki tano. Tangu hapo, kila ninapolitaja jambo hili kwa majirani Kisauni, kwa jamaa zangu wa Likoni au kwa vijana ninaokutana nao Mtwapa, nasikia hadithi inayofanana na yangu. Mmoja aliambiwa mwalimu wake amepata kazi ya lori. Mwingine alifika kituoni akakuta gari lina mgeni. Wa tatu aliomba mwenyewe abadilishiwe, kwa sababu ambazo nitazieleza.

Mwanafunzi akianguka mtihani, tunasema ni mzito. Ajali ikitokea, tunasema dereva alinunua leseni. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: huyu alifundishwa na wangapi, na walikabidhiana vipi? Katika nchi ambayo takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) za miaka ya karibuni zinaonyesha zaidi ya watu 4,000 wakifa barabarani kila mwaka, swali hilo si dogo.

Maoni yangu ni kwamba kubadilisha mwalimu kwenyewe hakuna ubaya, na kuna wakati ni dawa. Kinachotuumiza ni kubadilishwa mapema mno, na kubadilishwa bila makabidhiano.

Kwa nini mwanzo ni mgumu

Dereva mzoefu haiwazii miguu yake. Anaongea na abiria, anasikiliza redio, na mguu wa kushoto unajua wenyewe wakati wa kushuka na wa kupanda. Mwanafunzi hana anasa hiyo. Kila tendo analipitisha kichwani kwanza, tena kwa maneno: klachi chini, gia ya kwanza, tazama kioo, washa taa ya kuonyesha, mafuta kidogo, klachi juu taratibu.

Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili Wamarekani, Paul Fitts na Michael Posner, waliandika kwamba ujuzi wa mwili hupatikana kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mtu hufikiria kila kitendo. Katika ya pili huanza kuviunganisha na makosa yanapungua. Katika ya tatu mwili hufanya kazi bila kusukumwa na fikra. Yeyote aliyewahi kujifunza kushona kwa cherehani, kusuka ukili au kuendesha baiskeli anazijua hatua hizo hata kama hakusoma kitabu chochote.

Sasa angalia mwalimu anapobadilika katika hatua ile ya kwanza. Wakati huo mwanafunzi anategemea maneno ya mwalimu kama mzee anavyotegemea bakora. Ukiyaondoa maneno yale na kuleta mengine, anarudi alikoanzia, tena akiwa na wasiwasi ambao siku ya kwanza hakuwa nao.

Nitatoa mfano wa kusimamisha gari. Mwalimu wangu wa kwanza alinifunza kukanyaga breki kwanza na kuiacha klachi hadi gari likaribie kusimama, ili injini isaidie kupunguza mwendo. Wa pili alitaka nikanyage breki na klachi kwa pamoja, gari lisizime. Nilidhani mmoja wao ananipotosha. Baadaye nilielewa kwamba wote walikuwa na haki. Gari likiwa na kasi, unaanza na breki. Likiwa linatambaa kwenye foleni, ukichelewesha klachi litazima. Mwalimu wa kwanza alinifunzia barabara iliyo wazi, wa pili akanikuta kwenye msongamano. Ningeambiwa sentensi hiyo moja, ningeokoa wiki nzima.

Breki ya mwalimu

Kuna hasara nyingine ambayo mwanafunzi haioni. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mengi yana klachi ya pili pia. Mwalimu anayekujua anajua ni lini akuache ujitegemee na ni lini aingilie. Mwalimu mgeni hajui, kwa hivyo anachukua tahadhari: mguu wake unakaa juu ya breki muda wote. Simlaumu, kwani naye ana watoto nyumbani.

Lakini matokeo yake ni haya. Nilikuwa nikipita Bombolulu na Bamburi nikijisifu moyoni kwamba sasa napunguza mwendo vizuri kabla ya matuta. Siku ambayo mwalimu wa tatu aliamua kuondoa mguu wake, nililipanda tuta kwa kishindo hadi mwanafunzi aliyekaa nyuma akasoma dua. Kumbe muda wote ule si mimi niliyekuwa nikifunga breki. Kila mwalimu mpya alipokuja, alinisaidia upya, na mimi nikazidi kuamini kwamba najua.

Fedha nazo zilipotea. Nililipia masomo 20. Nilipokaa na daftari langu na kuhesabu, masomo sita yalikwenda katika kuanza upya: kuzunguka uwanjani ili mwalimu mgeni aone naweza nini, kurudia gia, kurudia kurudi nyuma kwa kioo. Kwenye karatasi ya shule masomo hayo yalitiwa alama ya kuhudhuria kama mengine yote. Karatasi ile ilikuwa na tarehe na saini. Mahali pa kuandika nilichokiweza hapakuwapo.

Upande wa pili wa shilingi

Haki inataka nieleze na upande mwingine, kwa sababu mwalimu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho naye ana hasara zake.

Jirani yangu alifunzwa na mzee mmoja tu, mtu mpole na mvumilivu. Walizoea njia ileile: Kiembeni, barabara ya Malindi, kisha nyumbani. Walielewana hata mzee akawa haongei, anakohoa tu na mwanafunzi anajua abadilishe gia. Siku ya mtihani wa barabarani, aliyekaa pembeni yake hakukohoa. Alimwambia kwa sauti kavu ageuze gari na kurudi walikotoka, na jirani yangu akasahau hata kutazama kioo. Alikuwa amejifunza kumwendesha mzee yule zaidi ya alivyojifunza kuendesha gari.

Mwalimu pia ana makosa yake, na makosa huambukiza. Kama yeye hupita kwenye raundabauti bila kuonyesha taa, mwanafunzi wake naye atapita hivyo. Jicho la pili husaidia. Mwalimu wangu wa tatu, ndani ya somo moja, aliona kwamba nashika usukani kwa mkono mmoja kila nibadilishapo gia na nachelewa kuurudisha mkono. Wawili waliomtangulia walikuwa wameshaizoea kasoro hiyo.

Kisha kuna jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Wako walimu wanaotukana. Wako wanaomshika mwanafunzi wa kike mkono au paja na kusema wanamwelekeza gia. Binti wa mtu anavumilia kwa sababu amelipa na anaogopa kuambiwa ana maringo. Kwake yeye, kubadilisha mwalimu ni haki, tena asiombe mara mbili. Shule inayomwambia "vumilia, umebakisha masomo machache" inamfunza jambo baya kuliko kukosa klachi.

Fikirieni pia vijana wetu wanaotafuta kazi za udereva Saudi Arabia, Qatar na Imarati. Huko magari hupita upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, kinyume na hapa kwetu. Kijana huyo anahitaji kujua kuzoea kipya. Aliyewahi kukaa na walimu wawili, kwa mpango mzuri, atazoea upesi kuliko aliyefunzwa kusikiliza kikohozi cha mtu mmoja.

Kwa hivyo kinachoamua ni wakati na namna. Mwanafunzi akishaweza kuondoa gari, kulisimamisha na kubadilisha gia bila kuambiwa, mwalimu mpya humpanua. Akibadilishiwa kabla ya hapo, mwalimu mpya humvuruga.

Kwa nini walimu hawakai

Ni rahisi kuwatupia walimu lawama, lakini nilipowauliza wenyewe nilipata picha nyingine. Wengine hulipwa kwa idadi ya masomo. Mvua kubwa ikinyesha Mei, au gari likikaa gereji, au wanafunzi wakipungua, mwalimu anarudi nyumbani mikono mitupu. Ikipatikana kazi ya mshahara wa mwezi, iwe ni kupeleka watalii au kuendesha lori la mizigo kutoka bandarini, hawezi kungoja eti umalize kujifunza kuegesha. Mimi pia nisingengoja.

Shule nayo ina hesabu zake. Gari moja linahudumia wanafunzi wengi, na ratiba hupangwa kufuata gari, si mtu. Ukiomba saa kumi na moja jioni badala ya saa tatu asubuhi, unapewa mwalimu wa jioni. Umehama bila hata kujua kwamba umehama. Mama wa biashara, mfanyakazi wa hoteli mwenye zamu na mwanafunzi wa chuo ndio wanaobadilishiwa sana, kwa sababu saa zao hazitulii.

Sheria hatukosi. Kuna Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Mwaka 2020 zilichapishwa kanuni mahususi za shule za udereva, walimu wa udereva na leseni za udereva. NTSA ndiyo inayotoa leseni kwa shule na kwa walimu. Lakini leseni ya mwalimu inamhakikishia mwanafunzi kwamba aliyekaa naye anaruhusiwa kufundisha. Haimwambii mwalimu huyo jana mwanafunzi alikwama wapi. Na siku ya mtihani, ukishapita kwenye bodi ya mji wa mfano na ishara za barabarani, ukaingia kwenye gari, historia yako haikai nawe. Ni wewe na usukani.

Wenzetu wamelitatua jambo hili kwa karatasi. Nchini Uingereza ipo rekodi ya mwanafunzi wa udereva ambamo kila ujuzi hupimwa kwa ngazi tano, kuanzia pale mwanafunzi alipoelezwa tu kwa mara ya kwanza hadi pale anapofanya peke yake bila kukumbushwa. Mwalimu mpya akiifungua anajua aanzie wapi. Katika jimbo la New South Wales, Australia, mwanafunzi aliye chini ya umri wa miaka 25 kwa kawaida hutakiwa kuandikisha saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi, 20 kati yake za usiku, kabla ya mtihani wa barabarani. Saa hizo zinaweza kusimamiwa na watu mbalimbali, hata mzazi. Watu wanabadilika, rekodi inabaki.

Sisemi tuige saa 120. Ni wangapi kati yetu wana gari nyumbani la kufanyia mazoezi? Ninachosema ni kwamba daftari la kurasa 40 linauzwa katika kila duka la mtaa.

Tunaloweza kufanya sasa

Kwa shule za udereva nina maombi matatu. La kwanza, mwanafunzi akae na mwalimu mmoja hadi aweze kuondoa gari na kulisimamisha mwenyewe. Kama hilo haliwezekani kwa sababu ya ratiba, aambiwe kabla ya kulipa. La pili, kila somo liishe kwa mistari mitatu ya maandishi: leo kafanya nini, kaweza nini, kakwama wapi. La tatu, mwalimu anapoondoka, afanye angalau somo moja akiwa amekaa kiti cha nyuma, mrithi wake akiwa mbele. Katika nusu saa hiyo, mabishano ya "toa klachi" na "kanyaga klachi" yangemalizika kwa kicheko.

Kwa NTSA, ombi langu ni moja. Mamlaka imeshahamishia huduma zake nyingi kwenye mtandao wa serikali. Rekodi ya maendeleo ya mwanafunzi ingeweza kukaa humo, mwanafunzi akaibeba kwenye simu yake akihama shule, akihama mji au akihama mwalimu. Aliyeanza Voi akamalizia Malindi asihesabiwe kuwa hajui lolote.

Kwa mwanafunzi, nakuomba usingoje mamlaka wala shule. Nunua daftari. Andika maneno ambayo mwalimu wako anayatumia na maana yake. Ukiletewa mgeni, kabla ya kuwasha gari msalimie, kisha mwambie: "Mwalimu, mimi naweza hiki na hiki, hiki bado. Ukisema toa klachi, mguu unaenda juu au chini?" Atacheka, lakini atajibu. Muulize pia kama mguu wake uko juu ya breki, na mwombe akwambie kila anapoitumia. Kama anakutusi au anakugusa, shuka, nenda ofisini, na udai mwingine.

Mimi nilipata leseni yangu, alhamdulillahi, ingawa sikufaulu kwa mara ya kwanza. Mtihani wangu wa kweli ulikuja miezi miwili baadaye, nikiwa peke yangu Likoni, kwenye mteremko wa kivuko. Feri ilikuwa imeshusha abiria na magari yaliyokuwa mbele yangu yalianza kusogea hatua kwa hatua. Ukikosea klachi hapo huna pa kujificha: mbele ni gari la mtu, nyuma ni gari la mtu, na pembeni ni umati wa watu wanaotembea kwa miguu wakiwa na watoto na mizigo.

Nilisikia sauti za walimu wote watatu kichwani. Wa kwanza alinambia nisikilize injini inapobadilisha mlio. Wa pili alinambia nisichelewe. Wa tatu alinambia mikono miwili, mama. Kila mmoja alikuwa na lake la kunipa. Laiti wangekaa pamoja hata mara moja, ningeyapata yote kwa bei nafuu na kwa honi chache.

Mwezi huu binti yangu anaanza masomo yake. Ada tumelipa kwa awamu. Daftari nimemnunulia mimi, na ukurasa wa kwanza nimeshauandika: jina lake, tarehe, na swali la kumuuliza kila mwalimu atakayekaa kushoto kwake.